Mdogo Wangu Mwalimu, Huruma Haianzii Mfukoni

Mdogo wangu, vuta kiti ukae. Najua umetoka shule umechoka, vumbi la chaki bado liko kwenye nywele na madaftari ya kusahihisha yamejaa mezani. Yaache kidogo. Kuna jambo limenikaa kooni kila nikizungumza na nyinyi walimu wachanga, na leo nalitoa. Watoto mnawapenda, hilo nalijua. Ila mnajiumiza kwa kuwapenda, na mara nyingine mnawaumiza na wao, kwa sababu hakuna aliyekaa nanyi akawaonyesha namna ya kulibeba darasa la watoto themanini kwa mshahara mmoja na moyo mmoja. Chuoni mlifundishwa azimio la kazi na andalio la somo. Mtoto anayesinzia kipindi cha kwanza kwa sababu jana hakula, huyo hakuwamo kwenye andalio.

Mnaniletea mkanganyiko uleule kwa sura mbili. Mmoja ananiambia: dada, Januari nimenunua sare za watoto wawili na madaftari ya watano, Februari nimekopa hela ya unga. Anaona aibu kusema, maana hata mumewe hajui. Mwingine ananiambia: dada, mimi siku hizi siangalii. Naingia, nafundisha, natoka. Nikiitazama miguu yao nitalia, na nikilia sitafundisha. Huyu naye anaona aibu, anadhani moyo wake umekufa. Haujafa. Nyote wawili mmeshika imani moja, kwamba kumsaidia mtoto ni kutoa hela. Ukishaamini hivyo na hela ni kidogo, kinachobaki ni kufilisika au kufumba macho. Wala hamko peke yenu. Ofisi za walimu zimejaa watu wa namna hizi mbili, wanakunywa chai pamoja na hawaambiani.

Kabla sijagombeza, tuzungumze furaha, maana hizo naona mnazionea haya. Mtu akikuuliza habari za kazi, unaanza na madeni, kupanda daraja na uhamisho uliokwama. Ni haki yako kulalamika. Lakini niambie na lile lingine. Niambie habari za yule wa darasa la kwanza aliyeimba ba be bi bo bu tangu Januari bila kujua anaimba nini, halafu asubuhi moja akasimama mbele ya duka, akasoma kwa kidole: su-ka-ri. Akaja mbio mpaka kwako, hajakusalimia wala nini, anakueleza tu kwamba ukuta wa duka umeandikwa sukari, kana kwamba ni yeye wa kwanza kuligundua neno hilo. Niambie habari za watoto wanaogombania kukupokea mkoba getini. Na yule asiyenyoosha kidole muhula mzima, leo kanyoosha. Jibu alilikosa, lakini kanyoosha, na darasa zima likageuka kumtazama. Au siku unapanda daladala na konda anakataa nauli yako: madamu, wewe si ndiye uliyenifundisha sehemu?

Zihesabu hizo, mdogo wangu. Ziandike hata nyuma ya shajara yako. Nakwambia hivi kwa sababu jicho linaloiona furaha hiyo ndilo hilohilo linalomwona mtoto mwenye shida. Huwezi kulifumba upande mmoja likabaki wazi upande wa pili. Wewe uliyeamua kutotazama miguu yao, angalia vizuri: tangu uamue hivyo, ni lini mara ya mwisho umecheka darasani? Umeona? Ulidhani umejikinga na uchungu, kumbe umejinyima na utamu.

Basi tuanze na jicho, maana jicho halikopi. Una rejista ya mahudhurio mkononi kila asubuhi. Wengi mnaijaza kama kodi ya kulipwa, alama hapa alama pale, mradi mkuu wa shule akikagua asiwaseme. Isome rejista hiyo. Mtoto anayekosa kila siku ya gulio, huyo anauza kitu, au analinda wadogo zake mama akienda kuuza. Binti anayekosa siku tatu nne kila mwezi na kurudi kama hakuna kilichotokea, wewe mwanamke mwenzangu unahitaji kuelezwa? Wanaopotea pamoja msimu wa palizi, au samaki wanapokuja, hao kazi yao unaijua. Yule anayewahi kuliko mlinzi na jioni hataki kuondoka, tena ufagio anaushika yeye bila kuambiwa, usimsifu tu kwa bidii. Jiulize anakimbia nini nyumbani. Na mtoto anayevaa sweta jua la saa saba, usimwambie alivue mbele ya wenzake. Kuna kinachofunikwa.

Mengine ni mepesi kuliko unavyodhani, hayana hata senti. Mtoto anayekodoa macho na kunakili kwa jirani hafanyi hivyo kwa uvivu, ubao haumfikii. Mlete mbele, kisha mtume mzazi ampeleke akapimwe macho. Mwenye ualbino mkalishe mbele pia, mbali na dirisha linaloingiza jua kali, mruhusu kofia na mikono mirefu hata kama siyo sare, na umwandikie maandishi makubwa. Asiyesikia vizuri akae upande ambao sikio lake zima linakuelekea wewe. Nimeona watoto walioitwa mizigo wakawa wa kwanza darasani kwa kuhamishwa dawati. Hilo halikutoka kwenye mshahara wa mtu.

Haya, njoo sasa kwenye kuuliza, maana hapa ndipo mnapoharibu kwa nia njema. Usimsimamishe mtoto mbele ya darasa ukamuuliza, kwani kwenu hamjala? Hata kama sauti yako ni ya upole. Darasa litakumbuka swali hilo mpaka wawe watu wazima, na yeye atalikumbuka kuliko wote. Mtume akuletee chaki, mwombe akusaidie kupanga vitabu, kisha mzungumze mahali ambapo watu wanawaona lakini hawawasikii. Chini ya mwembe wa uwanjani panatosha. Hapo pa wazi pana faida mbili: mtoto haogopi, na wewe hakuna wa kukusingizia. Wadogo zangu wa kiume, nawaambia hili kwa mkazo. Binti haitwi nyumba ya mwalimu kwa kisingizio chochote, hata cha daftari, hata cha msaada, hata kama unyofu wako Mungu anaujua.

Akianza kusema, nyamaza. Mnapenda kumaliza sentensi za watoto. Mwache akwame, atatoka. Wala usimwambie "sitamwambia mtu", kwa sababu hujui atakachosema, na kuna mambo ukiyasikia huna ruhusa ya kuyanyamazia. Mwambie: nitamwambia yule tu anayeweza kutusaidia, na nitakwambia kabla sijamwambia. Mtoto aliyedanganywa na mkubwa mmoja ukimdanganya na wewe, hatafungua mdomo mara ya tatu.

Siri ya mtungi aijuaye kata, kwa hiyo mara nyingine lazima ufike nyumbani. Nenda na mwalimu mwenzako, na mkuu wa shule awe anajua. Piga hodi, toa shikamoo yako kamili, kaa kwenye mkeka kama umekaribishwa mkeka. Usianze na mashtaka. Watoto wengi wa namna hii wanalelewa na bibi, na bibi akimwona mwalimu mlangoni anajua tayari kwamba ameitwa kuhukumiwa. Anza na jema la mtoto, hata liwe dogo: bibi, mjukuu wako ana mwandiko mzuri, au anawapenda wenzake. Utaona mabega yake yanavyoshuka. Baada ya hapo atakueleza mwenyewe kwamba baba wa mtoto yuko machimboni na haleti taarifa, kwamba mahindi yaliisha mwezi wa pili, kwamba yeye mwenyewe haoni vizuri na mtoto ndiye anayemchotea maji kabla ya kuja shule. Sasa umejua kwa nini anachelewa.

Naomba nisimame hapa kwenye kuchelewa. Mwalimu wa zamu, unasimama getini na fimbo. Sheria yenyewe imekufunga mkono kuliko unavyodhani: kanuni za mwaka 2002 hapa Tanzania zinasema mwenye mamlaka ya kuchapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Wangapi mnaandika? Lakini hata ukiiweka kanuni pembeni, fimbo haijui kwa nini mtoto amechelewa. Inawagonga sawa mzembe aliyecheza njiani na mtoto aliyeamka alfajiri kumchotea maji bibi yake asiyeona. Yule wa pili anajifunza siku hiyo kwamba kutenda wema nyumbani kunalipwa kwa kipigo shuleni. Muulize kwanza, mdogo wangu. Swali moja tu, na usubiri jibu.

Na nikiwa hapohapo kwenye kugombeza, lipo la uji. Shule nyingi siku hizi wazazi wanachangia mahindi au hela, watoto wanapata uji au makande. Ni jambo zuri mno. Mtoto aliyeshiba anafundishika. Kisha kuna shule nimesikia, mtoto ambaye kwao hawajachanga anakaa pembeni, anawatazama wenzake wanakunywa. Nani aliyewafundisha hilo? Deni ni la mzazi. Lifuateni kwa mzazi, mwiteni kwenye kikao cha kamati ya shule, mpangieni alete kuni au aje kupika siku moja kwa wiki. Lakini kikombe cha mtoto kisikae kikavu. Ukiwa wewe ndiye mwalimu wa chakula na umelikuta shuleni kwako, lipeleke ofisini wiki hii, na usiogope kuitwa mjuaji.

Tufike kwenye hela sasa, maana najua unaningoja hapo. Tangu Januari 2016 ada imeondolewa kwenye shule za Serikali, kuanzia msingi mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaongezwa mpaka kidato cha sita. Ni neema kubwa. Ila sare, viatu, madaftari na kalamu vimebaki kwa mzazi, na kwa kaya ya bibi yule, huo ndio ukuta. Kwa hiyo mtoto atakuja na shati lililochanika, na moyo wako utasema nunua.

Mara moja moja nunua, sikukatazi. Sadaka ni yako na Mungu wako. Lakini kaa na mwenzi wako, au ukae peke yako kama huna, mpange fungu dogo la mwezi ambalo likiisha limeisha. Likiisha, unabaki na jicho, ulimi na miguu, na hivyo vinafanya kazi kubwa kuliko pochi. Usikope. Mikopo hii ya riba kubwa, wanayoiita kausha damu, imewamaliza walimu wazuri. Mtu anakimbia madeni, anakosa vipindi, na wale aliowanunulia viatu wanakosa mwalimu. Wanao nao nyumbani wanahitaji viatu. Ukiwanyima wa kwako ili usifiwe na wa mwenzio, ipo siku watakuuliza.

Najua mtaniambia habari za Bradha Peter Tabichi, mwalimu wa sayansi wa shule ya Keriko, huko Nakuru, Kenya, aliyepewa tuzo ya mwalimu bora wa dunia mjini Dubai mwaka 2019. Ilielezwa kwamba anatoa asilimia 80 ya mshahara wake kwa wenye shida. Namheshimu sana. Lakini kumbukeni yule ni mtawa wa Kifransisko, ameishika nadhiri ya umaskini, hana mke wala mtoto anayemngoja na daftari la ada. Ukitaka kumuiga, mwige kwa yale mengine aliyosifiwa, ambayo hayazungumzwi sana: yeye na wenzake walikuwa wakiwafundisha wanyonge nje ya vipindi hata mwisho wa wiki, na wakienda majumbani kwa watoto waliokuwa karibu kuacha shule. Miguu na muda. Hayo unaweza ukiwa na mume, watoto na mkopo wa benki.

Badala ya kumnunulia mmoja mbele ya macho ya wote, fanya sanduku la darasa. Kalamu, vichongeo, sindano na uzi, vifungo, kipande cha sabuni, madaftari machache. Anayehitaji anachukua bila kuomba, na hakuna anayeandikwa jina. Taulo za kike zikae kwa mwalimu wa kike, na mabinti wote waambiwe zipo, siyo wale tu unaowadhani maskini. Mtoto akishajua kwamba kupewa hakumtofautishi na wenzake, atapokea bila kuinamisha kichwa. Ila hela za kujaza sanduku hilo usizikusanye kwa wanafunzi wewe mwenyewe. Mambo ya michango shuleni yana moto. Mwaka 2018 Rais Magufuli aliwakataza walimu kushika michango, na walimu wakajikuta matatani kwa hela ndogo zilizokusanywa kwa nia njema. Peleka wazo kwenye kamati ya shule, wao wenyewe wazazi walibebe. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kidole cha mwalimu peke yake ndicho kinachokatwa kwanza.

Uliza pia kama kaya ya bibi yule imo kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF. Mpango huo ulianza 2012 na umekuwa ukimtaka mtoto ahudhurie shule, kwa hiyo rejista yako ina uzito huko. Mtendaji wa kijiji anajua. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anajua. Kuna kanisa, kuna msikiti, kuna fundi cherehani wa jirani mwenye vitambaa vilivyobaki. Kazi yako ni kuzijua njia na kumwelekeza bibi, na wakati mwingine kumsindikiza, maana peke yake hatathubutu kuingia ofisi yenye meza kubwa.

Na simu yako, mdogo wangu. Ukishampa mtoto viatu, usimpige picha ukaiweka kwenye stetasi. Najua mnasema ni kuhamasisha wengine watoe. Mtoto yule atafikisha miaka ishirini na picha ile bado itakuwa kwenye simu za watu: yeye, miguu ya vumbi, na wewe unatabasamu. Tenda wema nenda zako. Tena usimdai shukrani. Akikukosea nidhamu mwezi ujao, usimwambie "nilikununulia viatu". Ukisema hivyo, umevirudisha dukani na yeye umemwacha peku.

Kuna na jambo la kumchukua mtoto ukae naye nyumbani kwako. Linaanza kwa huruma na mara nyingi linaishia kwenye vyombo. Anaoga kwako, anakula kwako, sawa. Kisha anafua, anabeba mwanao mgongoni, analala saa tano usiku, na darasani anasinzia palepale alipokuwa akisinzia mwanzo. Kama hali imefikia mtoto hawezi kubaki kwao, hilo ni la ustawi wa jamii, lina utaratibu wake. Usiliamue jikoni kwako.

Sasa nishushe sauti, maana nafika pagumu. Itakuja siku mtoto atakwambia jambo ambalo halitibiwi kwa kalamu wala uji. Mkubwa amemwingilia, au anamchezea. Mara nyingi ni mtu wanayemfahamu wote, anayesalimiwa vizuri mtaani. Utatetemeka, na ni haki yako kutetemeka, lakini usimwonyeshe mtoto hofu yako. Mwambie mambo mawili: nakuamini, na kosa si lako. Usimhoji kama polisi, usimrudishe kwenye habari ileile mbele ya mwalimu mkuu, kisha mbele ya mwalimu wa malezi, kisha mbele ya afisa elimu kata, kila mmoja akitaka kusikia kwa masikio yake. Andika maneno yake kama alivyoyasema, na tarehe. Kama ni jambo la siku mbili tatu hizi, afike hospitali haraka, ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kumkinga na VVU zina muda wake. Asioge wala nguo zisifuliwe. Kwenye baadhi ya hospitali kuna vituo vya Mkono kwa Mkono ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana mahali pamoja. Kwenye vituo vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Na ukiwa uko mbali na vyote hivyo, namba 116 ni ya bure, Simu kwa Mtoto. Ukiwa Kenya au Uganda namba ni hiyohiyo.

Utaambiwa tuyamalize kifamilia. Watakuja wazee wenye kanzu safi na maneno laini, wataleta na ng'ombe. Mkuu wa shule anaweza kukwambia tusichafue jina la shule. Na ikiwa mtuhumiwa ni mwalimu mwenzako, ofisi nzima itakuwa kimya siku utakayoingia. Mdogo wangu, hapo ndipo nataka usimame. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka yeyote mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aifikishe kwa serikali ya eneo lake. Anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari, sheria ya elimu iliyorekebishwa 2016 inamtazama kwa kifungo cha miaka 30. Hili halimalizwi kwa ng'ombe. Usiende peke yako, tafuta mwalimu mmoja mnayeaminiana na mwende wawili, na muwe na maandishi. Kuogopa utaogopa. Mtoto naye anaogopa, na yeye ana miaka kumi na mbili.

Wale waliokwisha kujifungua nao wanarudi. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba mwanafunzi aliyekatiza masomo, hata kwa ujauzito, anaruhusiwa kurudi shuleni. Tangazo hilo limefungua geti. Kilichobaki ni ofisi ya walimu kufungua mdomo vizuri. Nasikia bado kuna wanaomwita binti "mama fulani" mbele ya darasa, darasa likacheka. Ukifanya hivyo unamfukuza bila barua. Mpokee kama mwanafunzi aliyekuwa mgonjwa. Mpe daftari la vipindi alivyokosa. Kama ananyonyesha na nyumbani ni karibu, mruhusu mapumziko aende arudi. Mstarini asifanywe mfano wa mahubiri, hata siku moja.

Narudi kwako wewe unayelia usiku. Utampoteza mmoja, na nakwambia mapema ili siku hiyo isikukute peke yako. Pamoja na jicho lako, kwenda kwako kwa bibi, kalamu na uji, kuna mtoto ataondoka. Atahamishwa usiku kwenda kwa shangazi mjini, atapelekwa kazi za ndani, ataozwa mkoa mwingine, au atakuwa mtoro tu. Utakaa na jina lake kwenye rejista wiki nzima ukishindwa kulikata. Lia. Mwambie mwenzako wa ofisini, maana na yeye ana wake aliyempoteza na hajawahi kusema. Ripoti ofisini na kwa mtendaji, fuatilia, piga simu. Kisha siku ya pili ingia darasani, kwa sababu kuna wengine sabini na tisa, na mmoja wao ana jambo la kukueleza asubuhi hiyo na anakungoja getini akupokee mkoba. Mwache aupokee.

La mwisho, wengi hamlifanyi. Siku uhamisho wako ukitoka, mnafurahi, mnafunga mizigo, mnaaga mstarini, watoto wanalia, mnaondoka. Na yale yote uliyoyajua kwa miaka mitatu unaondoka nayo kichwani. Mwalimu anayekuja anaanza upya. Atamchapa yule wa maji ya bibi, atamrudisha nyuma yule asiyeona ubao. Kabla hujapanda basi, kaa na atakayelichukua darasa lako, jioni moja tu, mpitie rejista jina kwa jina. Huyu hasikii sikio la kushoto. Huyu usimwite mbele kusoma, mwanzie chini chini atakuja. Yale mazito ya siri mwachie mwalimu wa malezi, na yule aliyeumizwa mwambie mwenyewe nani sasa anajua, kama ulivyomwahidi. Na namba ya simu ya jirani yake bibi iandike kwenye karatasi, umkabidhi mwenzako mkononi.